Tupeane uzoefu: Ulipokwenda polisi kushtaki, uliulizwa nini kwanza?

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nimesoma tena kisa cha Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18 aliyeuawa kwa kisu na vijana weupe akisubiri basi huko Eltham, London, tarehe 22 Aprili 1993. Kilichoniumiza zaidi ni habari ya rafiki yake, Duwayne Brooks, aliyenusurika: polisi hawakumchukulia kuwa mhanga, wala maelezo yake hayakuzingatiwa ipasavyo. Ripoti ya Macpherson ya mwaka 1999 ilitaja ubaguzi wa rangi uliojengeka ndani ya jeshi la polisi lenyewe, na wauaji wawili hawakutiwa hatiani hadi 2012.

Nilimkumbuka baba yangu mdogo, Mmakonde aliyezaliwa ng'ambo ya mto Ruvuma, upande wa Msumbiji, mwenye chale usoni na Kiswahili chenye lafudhi ya kule. Aliporwa fedha za korosho na kukatwa panga mkononi. Tulipofika kituoni kuomba PF3, fomu ya polisi ya kwendea hospitali, ili atibiwe, askari alianza kumhoji alizaliwa kijiji gani, aliingia nchini lini na kitambulisho chake kiko wapi, ilhali kitenge tulichomfungia kilikuwa kimelowa damu. Hakuulizwa hata waporaji walikuwa na sura gani, na baba mdogo alitoka pale akijiona yeye ndiye mshtakiwa. Naomba nanyi mseme yaliyowakuta.

Mchangiaji, Lindi mjini:
Pole sana kwa baba mdogo. Mimi ni Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, na babu yangu amezikwa hapa hapa Lindi. Duka letu lilipovunjwa, mpelelezi aliniuliza kwanza ninaficha fedha kiasi gani, kisha akataka nimnunulie mafuta ya gari, kwa sababu, alisema, Wahindi hamkosi. Alama za vidole kwenye kufuli hazikuchukuliwa. Nilipewa namba ya RB, yaani ya kitabu cha taarifa cha polisi, nayo ninayo hadi leo.

Mchangiaji, Newala:
Shangazi yangu naye ni wa ng'ambo ya Ruvuma. Alipopigwa, askari wa kike wa dawati la jinsia alimpa kiti, akamwambia, "Mama, nieleze kilichotokea," akaandika mpaka mwisho, akampa PF3 aende hospitali. Mahali alipozaliwa aliulizwa siku ya pili, aliporudi kusaini maelezo yake.