Bosi kukutafuta saa tatu usiku: sheria imzuie, au tuvumilie?

Wadau, naomba tulijadili hili kwa uzito wake, maana limeingia majumbani mwetu bila hata kupiga hodi.

Nilipokuwa mtoto, mzazi akitoka kazini alikuwa ametoka kweli. Simu ya ofisini ilikuwa ya waya, mafaili yalifungiwa kabatini, na bosi akikumbuka jambo usiku alisubiri kukuche. Leo kabati lote limo mfukoni. Saa tatu usiku kundi la kazi linaita: "Samahani kwa usumbufu, naomba ile ripoti." Mmoja anajibu "sawa bosi", wa pili anadakia, na wewe uliyenyamaza ndiye unayeonekana mvivu. Mtoto kasimama pembeni na daftari lake, unamwitikia "mm" bila kuinua macho.

Msimamo wangu ni kwamba muda huo ni kazi, na uhesabiwe hivyo kwenye malipo. Mkataba wa kwanza kabisa wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1919, uliwawekea wafanyakazi wa viwandani ukomo wa saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Ukomo huo ulipiganiwa miaka mingi. Siku hizi tunaumega kidogo kidogo, dakika kumi hapa, nusu saa pale, na hakuna anayeandika popote.

Wapo wanaosema simu hiyohiyo ndiyo inayokuwezesha kumpeleka mgonjwa hospitali mchana, ukamalizia kazi usiku. Ni kweli, na hilo sitaki tulipoteze. Ila aliyejipangia mwenyewe kufanya kazi usiku hafanani na aliyeitwa akiwa kitandani. Wengine wanaleta hoja ya dharura. Wauguzi na mafundi umeme wana dharura tangu zamani, na ndiyo maana kukawa na ratiba ya zamu na posho. Ripoti ya kikao cha wiki ijayo ina dharura gani?

Na si kwamba haiwezekani. Ufaransa, tangu Januari 2017, kampuni zenye wafanyakazi 50 na zaidi zinatakiwa kujadiliana nao kuhusu haki ya kuzima simu na barua pepe za kazi. Ureno ilikwenda mbali zaidi mwaka 2021: mwajiri haruhusiwi kumtafuta mfanyakazi wakati wa mapumziko, isipokuwa pametokea jambo lisilozuilika.

Kinachonisumbua zaidi ni hiki, na hapa ndipo nataka michango yenu. Mwenye ajira rasmi walau ana mkataba wa kuushika mkononi. Dereva anayesubiri oda kwenye programu hana bosi wa kumshtaki wala saa ya kutoka, na akizima simu hapati kitu. Muda anaokaa akisubiri tuuite kazi au mapumziko? Na kama ni kazi, nani amlipe?