Mwandishi ya 1971, sidi za 1994 au kasha la Randy Weston: nichukue kipi?

Mjukuu wa Santuri

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla ya Ijumaa. Binamu yangu anayeishi Chicago anarudi Dar kwa likizo na amekubali kunibebea kitu kimoja tu, kwa kuwa mabegi yake yameshajaa viatu vya ukoo mzima. Nimebaki na vitu vitatu. Cha kwanza ni santuri ya mpiga piano wa jazi Herbie Hancock iitwayo Mwandishi, ya kampuni ya Warner Bros., ambayo muuzaji anasema ni chapa ya kwanza ya mwaka 1971. Cha pili ni sidi mbili zilizotolewa mwaka 1994, zenye rekodi zote za Hancock za Warner, yaani Fat Albert Rotunda, Mwandishi na Crossings. Cha tatu ni kasha la sidi tatu za mpiga piano mwingine wa jazi, Randy Weston, lililotolewa na kampuni ya Mosaic, ambalo ndani yake imo Uhuru Afrika. Bei zinakaribiana. Ninyi mngechukua kipi?

Fundi wa Gerezani

Ndugu Mjukuu, umetuomba tukukatie kanzu bila kutuonyesha urefu wako. Santuri utaipiga kwa mashine gani, na sindano yake ina umri gani? Muuzaji ameeleza hali ya sahani yenyewe, au ameishia kusema kwamba ni nzuri? Lebo ya katikati ina rangi gani? Na hizo bei zinazokaribiana zinakaribiana kwenye kiasi gani? Ukitujibu hayo tutaweza kusema neno la maana; bila hayo tutakuwa tunapiga ramli.

Sikio la Kale

Mimi ningekushauri uviache vyote vitatu. Wengi humwanzia Hancock kwa sababu ya jina, ilhali wapo wapigaji waliosahauliwa wakati wao wenyewe walikuwa bado hai. Mtafute Tina Brooks, mpigaji wa saksafoni ya aina ya tenor. Kati ya mwaka 1958 na 1961 kampuni ya rekodi za jazi ya Blue Note ilimrekodi mara kadhaa akiwa kiongozi, lakini ni True Blue peke yake iliyotoka kwa jina lake akiwa hai. Nyingine zilibaki kabatini hadi baada ya kifo chake mwaka 1974. Minor Move, aliyoirekodi mwaka 1958 pamoja na Lee Morgan, Sonny Clark na Art Blakey, imechapwa upya katika Tone Poet, mfululizo wa Blue Note ulioanza mwaka 2019. Sizungumzii chapa za kwanza za Blue Note zenye alama ya sikio, ile herufi P ya mkato iliyogongwa na kiwanda cha Plastylite kwenye sehemu tupu karibu na lebo, maana hizo siku hizi hununuliwa na watu wasiouliza bei.

Fundi wa Gerezani

Ndugu Sikio, mtu ameuliza nauli ya Bagamoyo nawe unamkatia tiketi ya Dodoma.

Mjukuu wa Santuri

Nawashukuru, na naomba radhi kwa kuacha mambo ya msingi. Kila kimoja kinafika kama laki mbili na nusu za Tanzania. Mashine niliyo nayo ni ya marehemu babu, ile ya sanduku yenye spika kwenye mfuniko. Umri wa sindano siujui, ila sahani ndogo za Mbaraka Mwinshehe zinalia vizuri tu, ingawa imenibidi kuweka sarafu ya shilingi mia juu ya mkono wa sindano ili usiruke. Hali ya sahani muuzaji ameandika kwamba ni nzuri. Rangi ya lebo sikuuliza. Sikujua kwamba ni jambo la kuulizwa. Mashine ya sidi ninayo, imo ndani ya redio ya sebuleni.

Fundi wa Gerezani

Ondoa hiyo sarafu leo, kabla ya kula chakula cha jioni. Kwenye santuri ya stirio sauti imechongwa katika kuta mbili za mfereji, na sindano iliyochakaa ikiongezewa uzito haifuati tena mfereji bali inaukwangua. Ule unga mweusi unaouona kwenye ncha ni muziki wenyewe ukitoka. Sindano inayoruka inaomba ibadilishwe, haiombi kukandamizwa.

Kuhusu rangi: Mwandishi ilipotoka, Warner walikuwa wakitumia lebo ya kijani, na ile yenye picha ya barabara na minazi ilianza mwaka 1973. Ukiona minazi, hiyo si chapa ya kwanza, hata muuzaji aape. Tena upande wa pili wa santuri hii ni kipande kimoja, Wandering Spirit Song, chenye zaidi ya dakika 21, nacho huanza polepole na kwa sauti ya chini. Mkwaruzo ambao Mbaraka angeufunika kwa gitaa lake, hapo utausikia kama mtu anayekaanga dagaa chumba cha pili. Kwa mashine uliyo nayo, jibu langu ni sidi. Ukitengeneza mashine kwanza, jibu litabadilika.

Bi Likoni

Nimesoma habari ya minazi nikacheka kwa uchungu, na naomba mnivumilie nieleze.

Miaka minne iliyopita niliagiza Crossings, ile ya mwaka 1972, kutoka kwa muuzaji mmoja wa Ulaya ambaye simtaji. Tangazo lake lilisema ni chapa ya kwanza iliyotunzwa na mtu mmoja tangu dukani, na picha alizoweka zilikuwa nzuri mno: jalada la mbele, jalada la nyuma, jalada likiwa limefunguliwa. Mimi nikajiona mjanja kwa sababu nilikagua hata kona za jalada kama zimechanika. Kifurushi kilikaa wiki tatu mahali fulani kabla ya kunifikia Mombasa, na ulikuwa mwezi wa Februari; anayeijua Februari ya Mombasa hahitaji maelezo. Nilipofungua, jalada lilikuwa lilelile la kwenye picha, ila sahani ndani yake ilikuwa na minazi. Mtu alikuwa ameoanisha jalada la kwanza na sahani ya baadaye, kama mtu anayevaa koti la harusi na kandambili.

Hata hivyo nilisema potelea mbali, muziki ni uleule. Nikaiweka. Sahani ilikuwa imepinda upande mmoja, na mkono wa sindano ukawa unapanda na kushuka kama ngalawa iliyokutwa na kusi. Ndipo mtu akanishauri, hapa hapa ukumbini, niilaze katikati ya vioo viwili juani ili ijinyooshe yenyewe. Nikaipeleka darini saa sita mchana. Nilikusudia dakika tano, simu ya dada yangu ikaingia, na nyote mnajua simu ya dada haina dakika tano. Niliporudi, kioo cha juu kilikuwa kimeteleza na Crossings ilikuwa imejikunja kama kawa. Hadi leo iko jikoni kwangu, na simzuii mtu kucheka.

Kwa hiyo, Ndugu Mjukuu, mwambie binamu yako apige picha ya lebo, pande zote mbili, kabla ya kutoa hata senti. Jalada halipigi muziki.

Msafiri wa Muscat

Pole sana, Bi Likoni. Sisi huku Muscat santuri ukiisahau ndani ya gari mwezi wa Julai hainyooshwi tena hata kwa vioo. Mimi niliuza sahani zangu zote nikabaki na sidi, na sijutii. Hizo sidi mbili za 1994 zinampa Mjukuu njia nzima ya Hancock kwa mpigo mmoja: Fat Albert Rotunda ina midundo ya soul ya kuchezesha bega, kisha ghafla unaingia kwenye Mwandishi iliyorekodiwa tarehe 31 Desemba 1970 huko San Francisco, na kipande chake cha kwanza, Ostinato, kinaanza na besi inayozunguka kwa hesabu ya 15, hujui ukanyage mguu wapi. Ukifika Crossings, Patrick Gleeson ameshaongeza sauti za kielektroniki za mtambo wa Moog. Watu hawakuinunua sana bendi hii, ikavunjika mwaka 1973, na mwaka huohuo santuri ya Head Hunters ikampa Hancock mauzo ambayo sauti hizi hazikuwahi kuyaona. Kwa mtu anayetafuta kilichopuuzwa, kipo hapo, na hakihitaji sindano.

Sikio la Kale

Sidi ni faili lililovaa plastiki. Jalada la sidi huwezi hata kusoma majina ya wapigaji bila miwani.

Msafiri wa Muscat

Miwani ninayo, Ndugu Sikio. Ninachokikosa ni chumba chenye kiyoyozi mchana na usiku kwa ajili ya plastiki nyingine.

Mwalimu wa Fasihi

Nashangaa kwamba hakuna aliyelitetea lile kasha la Weston, nasi tunaandika kwa Kiswahili. Uhuru Afrika ilirekodiwa New York mwezi wa Novemba 1960, mwaka ambao nchi 17 za Afrika zilipata uhuru na Tanganyika ilikuwa bado inasubiri. Langston Hughes aliandika shairi, Melba Liston akapanga muziki wa bendi kubwa yenye Max Roach, Yusef Lateef, Clark Terry na Olatunji, na kabla bendi haijaingia kwa nguvu unamsikia Mtanganyika, Tuntemeke Sanga, akilisoma shairi hilo kwa Kiswahili. Mara ya kwanza nilipoisikia nilikuwa nikisahihisha mitihani, nikaweka kalamu chini, kwa sababu sikutegemea kusemeshwa kwa lugha yangu kutoka ndani ya santuri ya Roulette, kampuni ya Marekani. Serikali ya makaburu iliipiga marufuku Afrika Kusini mwaka 1964. Chapa ya kwanza ya santuri hiyo kwa laki mbili na nusu hutaipata, kwa hiyo kasha la Mosaic ndiyo njia ya mtu wa kawaida.

Mwandishi nayo ina Kiswahili, ila cha kubandikwa. Wapigaji wa bendi hiyo walichukua majina ya Kiswahili: Hancock ndiye Mwandishi, Billy Hart ni Jabali, na Eddie Henderson, ambaye alikuwa daktari kweli mbali na tarumbeta yake, akaitwa Mganga, hapo nakubali. Lakini Buster Williams kuitwa Mchezaji kumenitatiza siku zote. Kwetu besi hupigwa, haichezwi. Mchezaji ni wa Simba na Yanga.

Bi Likoni

Na Julian Priester aliitwa Pepo Mtoto. Hapa Likoni mtoto akiitwa hivyo, bibi yake ataitisha ubani usiku huohuo.

Msafiri wa Muscat

Mwalimu, unahukumu majina waliyoyachukua watu walionyimwa lugha za mababu zao. Walichagua Kiswahili kwa heshima. Hata mpigaji wa ngoma aliyealikwa kwenye Ostinato, Leon Chancler, alijulikana kwa jina la Ndugu hadi mwisho wa maisha yake.

Mwalimu wa Fasihi

Sihukumu, nasahihisha, ni ugonjwa wa kazi. Nayaheshimu majina yao kuliko wanavyoheshimiwa na watu wanaodai kwamba Weston hakufanya chochote baada ya kibao chake Hi-Fly.

Sikio la Kale

Naomba niulize: Mjukuu ametaja Mbaraka Mwinshehe katika mjadala wa jazi. Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, zote zilikuwa bendi za dansi. Kwa nini tunazichanganya?

Fundi wa Gerezani

Hakuna aliyezichanganya, amesema sindano yake inapigia nini. Ila kwa kuwa umechokoza: Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, mwaka uleule aliozaliwa Tina Brooks. Neno hilo hapa lilimaanisha muziki wa ala za kisasa, na wazee hawakuhitaji kibali cha Blue Note kulitumia. Sahani za aina hiyo ndizo ambazo mimi nazitafuta kwa udi na uvumba, na hizo hakuna binamu wa Chicago atakayezileta, maana nyingi ziliishia kuwa vifuniko vya mitungi.

Turudi kwa Mjukuu. Nimeulizia: sindano ya mashine yako, kama ni aina ninayoidhania, inapatikana. Nitumie picha ya kichwa chake kwa karibu, upande wa chini.

Mjukuu wa Santuri

Sarafu nimeiondoa. Mbaraka sasa anaruka kila baada ya beti mbili, kwa hiyo nimeelewa kwamba tatizo lilikuwepo siku zote. Maelezo ya Mwalimu yamenivuta sana kwenye kasha la Weston, na jana nilikuwa karibu kumwandikia binamu alichukue, kisha nikakumbuka kwamba marehemu babu hakuwahi kumiliki sidi hata moja na mashine yake itabaki kimya. Nimemwomba binamu apitie dukani anipigie picha ya lebo kama Bi Likoni alivyoelekeza.

Bi Likoni

Pande zote mbili, mwanangu. Umemwambia pande zote mbili?

Mjukuu wa Santuri

Nilimwambia, Bi. Amenitumia picha tatu usiku huu. Zote ni za jalada.