Mafundi mnaofunga "seva za kumbukumbu" hapa Tanga: mnachouza ni RAID 5 na maneno matamu

Wakuu, salamu nitatoa nikishapoa.

Kuna mtindo umeota mizizi mjini hapa na leo tuuseme hadharani. Ofisi ina majalada ya miaka nenda rudi, imeskani yote, inatafuta pa kuyatunza kwa miaka ishirini ijayo. Anakuja fundi na kiboksi chenye nafasi nne, anatia diski nne za TB 8, anachagua RAID 5 (diski kadhaa zinafanya kazi kama moja, moja ikifa kazi inaendelea), anafungua folda moja kwa wafanyakazi wote, anachukua chake, huyoo. Kwenye ankara kaandika "mfumo wa kudumu wa hifadhi ya kumbukumbu". Kudumu kwa lipi?

RAID ilibuniwa ili kazi isisimame diski ikifa. Basi. Karani akifuta folda, RAID inaifuta kwenye diski zote bila kinyongo. Kirusi cha kudai fidia kikifunga mafaili, RAID inatunza yaliyofungwa. Radi ikiingia kwa waya wa mtandao, diski zote nne zimo sanduku moja na zinakwenda pamoja. Masjala inataka faili lililoingia leo litoke vilevile mwaka 2045, biti kwa biti, na likiharibika katikati mtu ajue mapema wakati nakala nzima bado ipo. Hilo la kujua mapema ndilo hamlifungi.

Tuanze na diski, maana ujanja mwingi uko hapo. Mnatia diski za SMR kwenye RAID. Kwenye SMR mistari ya kuandikia imelaliana kama makuti ya paa. Ukitaka kubadilisha mmoja, lazima iandikwe upya na ile iliyoulalia. Kwa diski ya kubebea mafaili nyumbani hakuna neno. Kwenye RAID, siku ya kujenga upya baada ya diski kufa, kasi inaporomoka, diski inachelewa kujibu, kadi inayoongoza RAID inaihesabu nayo imekufa. Hili si siri: mwaka 2020 Western Digital ilikiri kwamba baadhi ya WD Red, diski zinazouzwa mahsusi kwa NAS (kiboksi cha kutunzia mafaili kwenye mtandao), ni SMR. Kwa hiyo usisome rangi ya lebo, soma namba ya modeli. WD60EFAX ni SMR, WD60EFRX siyo. ST8000DM004 ya Seagate ni SMR, na ndiyo hiyohiyo mnayoipachika kila mahali kwa sababu bei yake ni nafuu.

Halafu kuna "mpya" ambazo si mpya. Mwaka 2025 huko Ulaya zilibainika diski za Seagate zilizokwisha kufanya kazi maelfu ya saa zikiuzwa kama mpya, saa za kazi kwenye SMART (kumbukumbu ya afya ya diski) zimefutwa. Wafutaji walisahau kumbukumbu nyingine ya ndani iitwayo FARM. Mteja, mwambie fundi aendeshe `smartctl -l farm /dev/sda` mbele yako na alinganishe saa zilizo humo na zile za `smartctl -a`. Toleo la smartmontools (programu yenye amri hizo) liwe 7.4 au jipya zaidi. Akianza kuzungukazunguka, mrudishie boksi.

Sasa hesabu ya hiyo RAID 5 yenu. Diski moja ya TB 8 imekufa. Ili kujenga mpya lazima zisomwe tatu zilizobaki, zote, mwanzo hadi mwisho: TB 24. Karatasi za viwanda kwa diski za kawaida zinataja kosa moja la kusoma lisilorekebishika kwa kila biti 10^14, sawa na TB 12.5 hivi. Diski nyingi zinafanya vizuri kuliko karatasi, nakubali, ila nyie mmezinunua nne kwa siku moja, duka moja, pengine katoni moja, zimezeeka pamoja kwenye joto lilelile. Kwa MB 150 kwa sekunde kazi hiyo inachukua saa 15 kama hakuna anayegusa seva. Ofisi ikiwa wazi inakwenda siku mbili, tatu. Muda wote huo hakuna diski ya akiba hata moja. Kwa diski kubwa namna hii ni RAID 6, au ndugu yake raidz2 kama unatumia ZFS (mfumo wa mafaili unaosimamia diski wenyewe). Diski sita za TB 8 kwenye raidz2 zinakupa TB 32 na zinavumilia mbili kufa. Ukitaka nafasi zaidi, ongeza pesa.

Na hizo kadi za RAID zenye kashe (kumbukumbu ya muda inayoshika data kabla haijaandikwa kwenye diski): betri ya kashe ikifa, kadi nzuri inaacha yenyewe kushika data kwenye kashe, na seva inakuwa nzito. Mteja analalamika. Fundi anaingia kwenye mipangilio, analazimisha kashe iendelee kuandika bila betri, seva inakuwa nyepesi, anasifiwa. Umeme ukikatika, kilichokuwa kwenye kashe kimepotea na hakuna anayejua ni kipi. Ukitumia ZFS weka kadi ya HBA (ya kuunganisha diski tu, bila RAID) iliyo kwenye hali ya IT, ZFS izione diski zenyewe moja kwa moja. Faida yake: ubao wa seva ukiungua, unahamishia diski kwenye mashine nyingine yoyote yenye ZFS, `zpool import`, unaendelea. Kadi ya RAID ikiungua unaanza kutafuta ndugu yake, na kama imeacha kutengenezwa, kazi unayo.

Usanidi wenyewe si uchawi:

`zpool create -o ashift=12 masjala raidz2 /dev/disk/by-id/...`
`zfs set recordsize=1M compression=lz4 atime=off masjala`

Tumia majina ya by-id, yenye namba ya diski yenyewe. Majina ya sda na sdb yanaweza kubadilika ukiwasha upya, na siku ya kuchomoa diski mbovu utachomoa nzima. Andika namba nne za mwisho za kila diski kwenye karatasi, ibandike mbele ya trei yake. Ashift (ukubwa wa vipande vya kuandikia diski) ikikosewa mwanzoni haibadiliki, utavunja ujenge upya. Ukaguzi wa `zpool scrub` (unasoma data yote kutafuta iliyoharibika) ufanyike kila mwezi. Debian na Ubuntu wanauwekea ratiba wenyewe Jumapili ya pili, ila ni kazi bure kama ripoti haimfikii mtu. Weka anwani ya barua pepe kwenye ZED na smartd (programu za kutoa tahadhari za ZFS na za SMART), kisha ijaribu. Kuna seva zinapiga kelele za diski iliyokufa na mtu wa mapokezi amebandika selotepu kwenye spika kwa sababu inamsumbua.

Hapa sasa ndipo mnaponichosha kabisa: chumba. Mnafunga seva nyumba ya mtaa wa Raskazone, bahari unaisikia, dirisha la nondo halina kioo kizima. AC inawashwa asubuhi, inazimwa saa kumi na moja jioni mlinzi akifunga mlango, kwa ajili ya bili. Usiku hewa ya bahari inaingia, unyevu unapita asilimia 70, chumvi inakaa kwenye kila kilicho wazi. Chomoa kebo ya SATA iliyokaa humo misimu miwili ya kusi, uangalie pini kwa tochi: zimefifia, pembeni kuna ukungu wa kijanikijani. Matokeo yake diski inatoka kwenye mfumo, inarudi, inatoka tena. Fundi anaitwa, anasema diski imekufa, anauza nyingine. Wiki kadhaa mbele "imekufa" na hiyo.

Kusoma SMART ni dakika mbili. `smartctl -A /dev/sda`, tazama mistari ya 5, 197 na 198. Namba zikipanda hapo, diski inaoza kweli, ibadilishe. Mstari wa 199 ukipanda peke yake, ni makosa ya mawasiliano: kebo, pini au ubao wa nyuma wa trei. Diski haina kosa. 199 hairudi sifuri hata ukibadilisha kebo, kwa hiyo iandike leo, iangalie tena wiki ijayo. Kinachotakiwa ni isipande. Ni diski ngapi nzima zimetupwa mjini hapa kwa ajili ya kebo ya bei ya chai na chapati?

Chumba kifungwe kweli, mianya izibwe, AC isizimwe, nyuzi 24 hadi 26 mchana na usiku. Nyuzi 18 haina haja, na ni hatari: mlango ukifunguliwa wakati wa masika, hewa ya nje inatoa matone kwenye vyuma baridi. Diski ya nakala ikitoka chumba hicho kwenda nje, ikae ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka ipate joto la nje ndipo iwashwe.

UPS. Waya wa USB wa UPS bado umo kwenye mfuko wake wa plastiki ndani ya katoni! Seva haijui kama umeme umekatika. Inajua betri ikishaisha. Unganisha waya, sakinisha NUT (programu inayosoma hali ya UPS), na usiiachie ingoje ishara ya betri kuisha, kwa sababu betri kuukuu inadanganya: inasema asilimia 60, dakika hiyohiyo inakata. Tumia upssched, kipima muda chake: dakika tano bila umeme seva ijizime kwa utaratibu. Jaribu kwa `upsmon -c fsd` mteja akiwa amesimama hapo. Pia usiache seva ijiwashe papo hapo umeme ukirudi, maana mara nyingi unarudi ukatike tena. Na betri za risasi na asidi zinapoteza kama nusu ya uhai kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, kwa hiyo ile ahadi ya miaka mitano ni ya chumba chenye ubaridi, si ya kistoo chini ya ngazi.

Nakala ya pili mnasema "tutapandisha kwenye wingu". Piga hesabu kwanza: TB 20 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 10 ni siku 185 bila kupumzika. Kushusha siku ya janga nako kuna foleni yake. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, nchi nzima tukaona intaneti ilivyokuwa. Wingu liwe nakala ya tatu, si ya pili. Ya pili iwe seva nyingine katika jengo lingine, na hiyo ndiyo ije kuvuta kutoka ya kwanza kwa `zfs send`. Ya kwanza isiwe na ufunguo wa kuingia ya pili. Ikivamiwa, mvamizi asipate njia ya kwenda kufuta na kule. Diski ya nje iliyochomekwa mwaka mzima nyuma ya seva haihesabiki.

Tepu ni nzuri sana kwa kazi hii na nashangaa mnavyoikimbia, ila wachache wanaoiuza nao wanapiga. Kwenye kasha la LTO-6 (kizazi cha sita cha tepu za LTO) kumeandikwa TB 6.25. Hiyo ni ya kubana kwa mara 2.5. Halisi ni TB 2.5, na picha za JPEG au PDF zilizoskaniwa zimeshabanwa, hazibaniki tena. LTO-8 ni TB 12 halisi, si 30. Angalia na vizazi: mashine za mpaka LTO-7 zinasoma vizazi viwili nyuma, LTO-8 inasoma kimoja tu, kwa hiyo tepu zako za LTO-6 haitazisoma. Tepu za kutunzwa zinataka nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Kwa hali ya hewa ya Tanga maana yake ni kasha lisiloingiza hewa, vifuko vya silika, na kipimo cha unyevu humo ndani.

Flashi na SSD msithubutu. Kipimo cha JEDEC (shirika la viwango vya chipu) kwa SSD ya kawaida iliyokwisha kutumika hadi ukomo wake ni kushika data mwaka mmoja bila umeme kwa nyuzi 30. Droo ya ofisi bila AC wakati wa kaskazi inapita hapo.

NYONGEZA 1: Mdau aliyeuliza atajuaje kama faili halijabadilika hata baada ya kuhamia mfumo mwingine: funga kila kundi la majalada kwa utaratibu wa BagIt (RFC 8493, mwaka 2018). Ni folda ya kawaida yenye `manifest-sha256.txt` ndani (manifesti, yaani orodha ya mafaili na alama ya kidole ya kila moja), programu yoyote inaisoma. Mara moja kwa mwaka zihakiki kwa `sha256sum -c` kwenye nakala zote. Chapa orodha ya manifesti zenyewe kwenye karatasi, iwekwe kwenye kabati la chuma.

NYONGEZA 2: Kaka uliyesema nawaharibia watu riziki, sawa, tufanye hivi. Chagua mteja wako uliyemfungia mwaka jana, ficha jina lake, weka hapa matokeo ya `zpool status` au ripoti ya kadi yako ya RAID, tarehe ya ukaguzi wa mwisho, na faili moja ulilolirudisha kutoka nakala ya pili. Na useme nenosiri la msimamizi liko kwa nani. Maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na wewe una nenosiri la zahanati nzima kwenye simu yako, kwenye meseji, na hujaajiriwa pale.