Ushauri wakuu: ya pembetatu au ya jamaa anayewaka moto? Hela inatosha moja

Kijana wa Mwanga
Wakuu habari za jioni. Kuna mzee hapa Gungu, Kigoma, anahama, anarudi kwao Tabora, anauza santuri zake. Nyingi zimeshachukuliwa. Zimebaki mbili za Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza: ile yenye pembetatu na mwanga wa rangi (Dark Side of the Moon), na ile ya watu wawili wanashikana mikono, mmoja anawaka moto (Wish You Were Here). Zote nazijua kwa simu, zote nazipenda, na hapo ndipo shida ilipo. Hela yangu inatosha moja tu. Mzee anaondoka na treni ya Alhamisi. Nichukue ipi? Naomba wajibu wanaozijua kweli, siyo wapita njia.

Sindano Butu
Bei? Toleo la mwaka gani? Sahani ina mikwaruzo? Una mashine gani ya kuchezea? Unaomba ushauri wa viatu bila kutaja namba ya mguu.

Binti Ujiji
Ya pembetatu. Uzi ufungwe.

Mnyanyembe
Dada Binti Ujiji tulia, uzi haufungwi na mtu mmoja. Ya moto, tena bila kufikiri mara mbili. Ile ya pembetatu kila mtu anayo, hata asiyejua Pink Floyd ni nini anaivaa kifuani. Nimeiona kwenye fulana ya mtumba hapa Tabora, kaivaa muuza maembe. Nilipomuuliza akasema ni nembo ya kampuni ya taa.

Binti Ujiji
Kwa hiyo kitu kikipendwa na wengi kinakuwa kibaya? Hata ugali unapendwa na wengi. Ile santuri ilitoka Machi 1973, ikakaa kwenye chati ya albamu 200 za Marekani jumla ya wiki 736 kufikia 1988. Siyo kwa sababu ya fulana. Inaanza na mapigo ya moyo, inaisha na mapigo ya moyo, na katikati hakuna pa kutokea. Sijawahi kuweka wimbo mmoja nikaacha ule unaofuata.

Fundi Redio
Nakazia kwa dada. Mimi ni fundi, nasikiliza kazi ya mikono. Ule wimbo wa hela (Money): pigeni mezani na kidole, hesabuni. Mtafika saba ndipo unarudi mwanzo. Saba! Saksafoni inapita juu ya hiyo saba kama haina habari, halafu gita linapoingia na solo wanahamia kwenye nne ya kawaida, na ghafla unajisikia kama gari limetoka kwenye makorongo limekamata lami. Ile milio ya sarafu na mashine ya duka waliikata tepu kwa wembe, vipande vipande, wakaiunga ikawa duara inayozunguka. Hakuna kompyuta. Nimejaribu kuunga tepu ya kaseti kwa gundi ya karatasi najua kazi yake.

Mnyanyembe
Sawa fundi, umenena. Lakini ufundi siyo moyo. Ile ya moto wameifanya kwa ajili ya mwenzao, Syd Barrett, aliyewaanzishia bendi halafu akili ikamchenga, wakaachana naye 1968. Sasa sikia: tarehe 5 Juni 1975 wako studio Abbey Road wanashughulika na wimbo unaomhusu yeye. Anaingia jamaa mnene, kanyoa kichwa, kanyoa mpaka nyusi. Wanamwangalia, hakuna anayemjua. Baadaye sana ndiyo wanagundua ni Syd mwenyewe. Baadhi yao walitokwa na machozi. Hebu niambieni, kwenye pembetatu kuna kitu kama hicho?

Binti Ujiji
Kuna Clare Torry, mwimbaji wa kuazima. Aliitwa Jumapili moja, akaambiwa hakuna maneno ya kuimba, toa sauti tu. Akalia pale kama mtu aliyefiwa, akalipwa paundi 30, akaenda zake. Mwaka 2004 akawashtaki, mwaka uliofuata wakamalizana nje ya mahakama, na jina lake likaandikwa kama mtunzi pamoja na Richard Wright, mpiga kinanda wao. Mwanamke kabeba wimbo mzima bila neno hata moja, na nyie mnalilia nyusi.

Mnyanyembe
😂 Dada una ulimi. Basi na kwetu wimbo mmoja wamemwachia Roy Harper, mtu wa nje ya bendi, aimbe, ngoma droo kwa kuazima watu.

Anga za Juu
Wote mmepotea. Nunua Close to the Edge ya bendi ya Yes, 1972. Upande mzima wa sahani ni wimbo mmoja. Huo ndio muziki wa watu wazima.

Sindano Butu
Mkuu zinauzwa mbili tu. Mtu kauliza dagaa au migebuka, wewe unamletea pweza. Na mwenye uzi bado hajajibu maswali yangu.

Mzee wa Mwisho wa Reli
Vijana salaam. Nasoma tangu jana nimenyamaza, lakini kijana asije akanunua kama nilivyonunua mimi.

Miaka michache iliyopita nilimwagiza mtoto wa dada yangu Dar anitafutie hiyo ya pembetatu. Akaipata. Nikampigia simu mara tatu: isimamishwe, isilazwe, isikae penye joto. Akaipakia kwenye basi, akamweleza konda vizuri. Konda akaona boksi bapa, akalilaza juu ya lile boneti la ndani pembeni ya dereva, na abiria mmoja akaweka ndoo yake juu. Ikaja hivyo hivyo mpaka Kigoma, usiku na mchana, injini inachemka chini yake. Nilipolipokea stendi lilikuwa na joto kama chapati inayotoka kwenye kikaango. Konda akaniambia, "Mzee si umesema ni sahani? Sahani haiharibiki kwa moto."

Nimefika nyumbani nafungua: ukingo umejikunja juu kama ungo. Nikaiweka hivyo hivyo, roho haikubali. Sindano inapanda, inashuka, inapanda, kama meli ya Liemba ikipigwa na wimbi la ubavu. Zile saa zinazogonga mwanzo wa wimbo wa muda (Time), kila moja inalia kama imelewa. Jirani akasema dawa yake ni vioo viwili na jua. Nikaibana kati ya vioo vya dirisha, nikaiweka juani, nikateremka Kibirizi kununua dagaa. Pale nikakutana na watu, mnajua tena. Narudi saa nane, wimbi lilikuwa moja, sasa yapo mawili.

Mama watoto anafunikia mtungi wa maji hiyo sahani. Tundu la katikati kaliziba na gunzi.

Kwa hiyo kijana, kabla ya pembetatu au moto, iweke kwenye meza bapa, uinamie jicho lako usawa wa ukingo, uizungushe. Ukiona inapanda na kushuka, shukuru Mungu na hela yako.

Fundi Redio
Shikamoo mzee. Nimecheka mpaka mteja kaniuliza kuna nini. Lile gunzi limenimaliza.

Mzee wa Mwisho wa Reli
Marahaba. Cheka tu, hukulipa wewe.

Kijana wa Mwanga
Samahani wakuu, umeme ulikatika. Bei ni 60,000 moja, hapunguzi. Majalada yote mazuri, ya moto ina alama ya kikombe cha chai nyuma. Toleo sijui, nimeona maandishi madogo tu. Mashine sina. Ila mjomba wangu Ujiji anayo, sema haina sindano.

Sindano Butu
HANA MASHINE. Kurasa mbili tunabishana kumbe mtu ananunua tandiko punda hayupo.

Binti Ujiji
Mwacheni. Mimi nilinunua kanga kabla sijapata wa kumvalia.

Sindano Butu
Haya, tusaidiane. Muulize mzee kilichomo ndani ya majalada. Ya pembetatu ya zamani ilitoka na mabango mawili na stika. Ya moto ilivikwa plastiki nyeusi kwa nje, picha huioni mpaka uchane, na ndani mlikuwa na kadi ya posta. Vikiwepo, hiyo 60,000 ni bei ya kuokota. Tena mjue yule jamaa kwenye picha aliwashwa moto kweli, ni mcheza hatari wa sinema, Ronnie Rondell. Upepo ukageuka, ukamla masharubu.

Kanyenye Juu
Swali la mtu asiyejua. Nimeisikiliza hiyo ya moto kwa sababu yenu. Wimbo wa kwanza dakika nane na ushee ndiyo mtu anaimba. Walikuwa wanamsubiri mwimbaji afike?

Mnyanyembe
Ndugu yangu wa Kanyenye, wewe umekulia Tabora, mji wa Tabora Jazz, Nyanyembe na Kiko Kids, nitakueleza kwa lugha yetu. Kwenye dansi, mwimbaji anatangulia anasema yake, halafu magita yanachukua nafasi, sebene linapanda, watu wanainuka. Hawa wamegeuza. Wameanza na sebene, tena sebene la msibani, polepole, mtu asicheze. Kuna gita linapiga sauti nne tu, linanyamaza, linazipiga tena. Ukishazizoea hizo nne, ndipo mwimbaji anaingia, na wewe tayari umeshalainika.

Kanyenye Juu
Hapo nimekuelewa. Ngoja niirudie usiku.

Fundi Redio
Na ule mlio wa mwanzo kabisa, kama upepo ndani ya chupa, humo kuna glasi za mvinyo. Unalowesha kidole unasugua mdomo wa glasi. Nimejaribu na glasi za harusi za mke wangu. Moja imevunjika, nalala sebuleni.

Anga za Juu
Kwanza hawa Pink Floyd kuwaita progresivu, ile roki ya ufundi mwingi, ni kuwaheshimu tu. Hawachezi vigumu kama Yes au King Crimson.

Binti Ujiji
Ugumu kwani tunabeba magunia?

Mgebuka wa Moshi
Nimepita tu, hivi ule mwanga kwenye pembetatu si rangi saba za upinde wa mvua? Kwangu nahesabu sita.

Fundi Redio
Ni sita. Rangi ya nili haipo.

Mgebuka wa Moshi
Mwalimu wangu wa fizikia alitufundisha saba na alituchapa nazo.

Kanyenye Juu
Halafu mbona hamumtaji mtu wetu? Freddie Mercury kazaliwa Unguja 1946. Nunueni Queen, bendi yake, muunge mkono nyumbani.

Sindano Butu
Wasimamizi wa jukwaa, huyu naye.

Kijana wa Mwanga
Wakuu, leo ndiyo Alhamisi. Niko stesheni. Mzee kakaa juu ya sanduku, treni bado. Nimefanya kama alivyosema Mzee wa Mwisho wa Reli, nimeinama nikazungusha, zote ziko sawa kama maji ya bakuli. Kadi ya posta imo. Mabango ya pembetatu limebaki moja, mzee anasema lingine lilibandikwa ukutani nyumba ya zamani na ukuta ukaanguka. Ameniuliza kama nina mashine. Nimemdanganya kuwa ninayo. Hela iko mkononi.

Mnyanyembe
Kadi imo! Unasubiri nini? Ya moto!

Binti Ujiji
Pembetatu. Bango moja ni bango.

Mzee wa Mwisho wa Reli
Usimdanganye mzee mwenzangu. Mwambie ukweli kuhusu mashine, huenda akapunguza ukapata zote mbili. Huenda pia akakasirika. Lakini mwambie.

Kanyenye Juu
Mkuu, maadamu uko hapo stesheni, hebu niulizie kwenye ofisi ya vifurushi, debe la asali kutoka Tabora kuja huko wanatoza kiasi gani siku hizi?

Kijana wa Mwanga
Dirisha limefungwa. Treni inapiga honi.