Uongo wa mtandaoni: abanwe mtungaji peke yake, au na msambazaji?

Uyole Juu: Wadau, tuseme imeingia video ya lori lililopinduka, imeandikwa "leo hii Kitonga", kumbe ya miaka iliyopita. Mimi nasema aliyeisambaza naye abanwe. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kina faini isiyopungua shilingi milioni 5, au jela isiyopungua miaka 3, au vyote. Kukagua ni dakika mbili tu.

Mwalimu wa Tukuyu: Mkuu, kifungu hicho kinamtaka mtu anayejua kuwa ni uongo na mwenye nia ya kupotosha. Na hizo dakika mbili ni za kufanya nini?

Uyole Juu: Simamisha video panapoonekana vizuri, piga skrinishoti, tia Google Lens, inayotafuta picha zinazofanana mtandaoni. Ila kata kwanza maandishi yaliyobandikwa juu, la sivyo itakuletea yanayofanana na maandishi badala ya picha. Ikitokea ya mwaka mwingine, kesi imekwisha.

Mwalimu wa Tukuyu: Na isipotokea? Hapo ndipo watu husema "basi ni mpya". Lens haiingii kwenye makundi ya WhatsApp. Tarehe ya faili nayo haisaidii, kwani WhatsApp hufuta taarifa za kamera. Namba za Zambia kwenye lori? Barabara ya Tunduma imejaa malori yao. Magari yakipita kulia, hapo sawa, si kwetu. Lakini soma kwanza mabango, isije ikawa video imegeuzwa kama kioo.

Mpima Gunia, Njombe: Mmeng'ang'ania picha. Huku kinachoumiza ni sauti: "viazi Dar vimeshuka, 60,000 gunia, uzeni leo!" Lens utaipa nini hapo? Muulize: soko gani, jumla au rejareja, gunia la kilo ngapi? 60,000 kwa kilo 100 ni 600 kwa kilo. Kwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kiasi, ya kilo 130 haifiki hata 465. Mpotoshaji mjanja hutaja bei ya kweli, uzito anaumeza. Na mishale miwili juu ya ujumbe maana yake umeshapita mikono mitano au zaidi. Aliyekutumia pengine hamjui hata aliyerekodi. Huyo mkulima aliyewarushia majirani akiamini, mtamfunga?

Uyole Juu: Huyo namwachia. Ila aliyeulizwa "gunia la kilo ngapi" akakaa kimya, kisha akaurusha tena kundi la pili, huyo bado namtaka.