Besi inamezwa tukipiga nje

Swali: Ndugu wanamuziki, napiga gitaa la besi katika bendi ya dansi, na amplifaya yangu ya wati 100, inayotosha kabisa ukumbini, humezwa na ngoma kila tunapopiga harusi za nje. Je, ninunue kubwa zaidi?

Jibu: Kaka, nje hakuna kuta za kurudisha sauti, na uzi mnene kuliko zote wa besi, uitwao E, hutetema takriban mara 41 kwa sekunde, mtetemo unaodai nguvu nyingi. Kabla ya kununua, unganisha besi na miksa (mashine ya kuchanganya sauti za bendi) ili spika kubwa za bendi zikubebe.

Jibu: Nakubaliana naye. Ongeza pia sauti za kati (zisizo nzito wala nyembamba) kwenye amplifaya, kwani ndizo zinazopenya. Nilihangaika miaka mingi kabla ya kulitambua hilo.

Mwuliza swali: Asanteni sana, wakubwa zangu. Nitaanza na miksa Jumamosi hii.