Je, ni haki bima ilipie kiti mwendo cha ndani ya nyumba tu?

Mleta mada, Houston

Wakuu, salaam. Naleta hoja hii kwa sababu imenikaa moyoni miaka kadhaa, na najua humu wapo wanaouguza ndugu, wapo wauguzi, wapo ambao kuandaa madai ya bima ndiyo kazi yao ya kila siku.

Kaka yangu alikuwa dereva wa malori hapa Marekani. Alipata ajali, uti wa mgongo ukaumia, miguu haifanyi kazi, mikono ina nguvu za wastani. Anatibiwa kwa Medicare, bima ya serikali ambayo wazee huipata wakifika miaka 65, na wenye ulemavu walio chini ya umri huo huipata wakishapokea malipo ya ulemavu kwa miezi 24. Mwaka 2022 alipata kiti mwendo cha umeme: bima asilimia 80, sisi 20. Lakini mota ya kupandisha kiti ilikataliwa. Barua ilisema kifaa hicho si cha tiba.

Naomba nieleze mota hiyo inafanya nini, kwa sababu wengi husikia "vifaa vya ziada" wakadhani ni mapambo. Kitanda chake kiko juu kuliko kiti. Kutoka kitini kwenda kitandani anajivuta kwa mikono kupanda, kwa ubao, mara nyingi kila siku. Kiti kikiinuka kidogo kuzidi kitanda, anateleza kwa kushuka. Bega lake la kulia lilikuwa limeshaanza kuuma, na mtu anayetegemea mikono bega likiharibika amekwisha. Tukachangishana kwenye grupu la ukoo, tukalipa wenyewe.

Tarehe 16 Mei 2023 Medicare ikatangaza kwamba mota hiyo hiyo ni ya lazima kitabibu kwa watumiaji wa viti vya aina yake, na italipwa. Kaka ni yule yule, kitanda ni kile kile.

Nilifurahi kwa ajili ya wengine. Ila uamuzi haukugusa mota ya kumsimamisha mtu wima, na hata suala la kufikia vitu ukiwa umeinuliwa linapimwa kwa mambo ya nyumbani: kula, kuvaa, kuoga, choo. Yote yanarudi kwenye sheria ya 1965 iliyoanzisha Medicare, inayosema vifaa hivi ni vile vinavyotumika nyumbani kwa mgonjwa. Sheria hiyo hiyo mpaka leo inataja mapafu ya chuma, yaani mashine za kizamani za kupumulia, na mahema ya oksijeni. Mimi nasema kanuni ya nyumbani ifutwe. Mtu haishi chumbani. Mnasemaje?

Mwandaaji wa madai, Columbus

Pole sana kaka kwa yaliyowapata. Nitapingana nawe, na naomba usinichukulie vibaya.

Wewe upo Houston, waulize wenyeji wakusimulie. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 madai ya viti vya umeme katika kaunti ya Harris, iliko Houston, yalipanda ghafla kupita kiasi. Watu wanaotembea vizuri waliandikiwa viti, vingine havikufika hata kwa wenyewe. Mwaka 2003 serikali ikaanzisha msako mkubwa. Mwaka 2012 ikaja kanuni ya kuomba kibali kabla ya kutoa kiti, kwa majaribio katika majimbo saba, Texas ikiwemo. Ugumu mnaouona leo ulizaliwa na wizi ule. Mkiondoa mstari wa nyumbani, mstari mwingine utawekwa wapi? Bustanini? Kazini? Ufukweni? Anayelipa ni mfuko mmoja wa wote.

Jambo la pili, kutokana na ninayoyaona mezani kwangu, madai mengi hayakataliwi kwa ubaya wa kanuni. Yanakataliwa kwa karatasi. Kiti kimoja cha umeme kinaweza kuwa na mistari kumi na tano ya madai: mto wa kukalia, egemeo la kichwa, mota ya kulaza kiti, waya unaounganisha mota na kijiti cha kuendeshea, kila kimoja na msimbo wake wa malipo. Kisicho na msimbo wake kinatupwa kwenye K0108, kapu la vitu visivyo na jina, na hapo lazima uandike maelezo ya kutosha ni kitu gani na kwa nini. Mota ya kupandisha ilipewa msimbo wa E2298 kuanzia Aprili 2024. Ukiituma leo kwa msimbo wa zamani, unajitafutia barua ya kukataliwa.

Mtaalamu wa utengamao, Minneapolis

Dada wa Columbus, la karatasi nakuunga mkono. La mstari wa nyumbani hapana.

Medicaid, bima ya wenye kipato kidogo, ilikuwa ikibanwa na sharti hilo hilo katika majimbo mengi. Kanuni ya mwaka 2016 ikasema vifaa visifungwe nyumbani, vilipwe kwa matumizi popote mtu anapoendeshea maisha yake ya kawaida. Kwa hiyo mimi leo asubuhi nampima kijana mwenye Medicaid, namwandikia mahitaji yake ya shuleni na ya dukani. Mchana nampima mtu mwenye ulemavu ule ule ila ana Medicare peke yake, nalazimika kujifanya mlango wa nyumba yake ni mwisho wa dunia. Nchi hii imelazimisha mabasi yawe na lifti au vibao vya mteremko vya kupandishia viti tangu sheria ya haki za wenye ulemavu ya 1990. Basi linamsubiri mtu ambaye kiti chake kimelipiwa cha jikoni!

Na wizi unaoutaja, dada, ulikuwa wa viti vya kawaida, kwa watu wasiovihitaji. Hakuna tapeli anayejipatia utajiri kwa mota ya kumsimamisha mtu aliyevunjika shingo, ambaye amepimwa na daktari, na mtaalamu kama mimi, na fundi aliyesomea viti.

Msomaji, Tanga

Nawasoma kwa makini. Huku nilipo mdogo wangu anatumia kiti cha kusukuma, cha msaada, na barabara yetu ni ya mchanga. Kiti cha umeme nimekiona kwenye picha. Sisemi msidai haki zenu. Ila mnapobishana kuhusu nyumbani na nje, mkumbuke kuwa kiti cha mdogo wangu kilikuja bila kupimwa mwili wake, na hakina hata mto. Alipata kidonda cha mgandamizo, akalala hospitali kwa wiki kadhaa. Mto tu.

Mleta mada

Ndugu wa Tanga, pole, na mpe pole mdogo wako. Huo mto ndio hoja yenyewe. Hata huku kuna watu wanapokea kiti wiki hii na mto wiki nyingine kwa sababu mstari wake ulikataliwa.

Dada wa Columbus, la wizi nakubali kwamba lilikuwepo. Sikubali kwamba kaka yangu ndiye alipie.

Fundi wa viti, Denver

Wakuu, mmesahau matengenezo. Kiti kinahesabiwa kuwa na maisha ya miaka mitano, lakini kijiti na betri havisubiri miaka mitano. Nimewahi kumkuta mama wa watu amekaa kitandani majuma mawili akisubiri kibali cha kipuri ambacho kukifunga kunachukua nusu saa. Hapa Colorado tulipata sheria mwaka 2022, ya kwanza nchini, inayowalazimisha watengenezaji wa viti vya umeme kuwapa wenye viti na mafundi huru vipuri na maelekezo. Imesaidia. Lakini bima haimlipi fundi safari ya kwenda nyumbani kwa mgonjwa, inalipa dakika za kazi tu, kwa hiyo kampuni nyingi hazioni sababu ya kuharakisha.

Mleta mada

Fundi umenigusa. Kijiti cha kaka kimeharibika tangu majira ya joto, kiti kinakwenda upande mmoja. Kampuni iliyotuuzia ikapeleka dai, likakataliwa. Mota ya kusimama najua ni vita ndefu. Hiki ni kijiti tu.

Mwandaaji wa madai, Columbus

Kaka, tuache ubishi kidogo. Barua inasema sababu gani? Kama ni kwamba haihitajiki kitabibu, hiyo ni kesi ndefu. Kama ni upungufu wa nyaraka, unaweza kushinda. Kiti ni mali yake, na matengenezo ya kiti kilichokwisha kulipiwa yanalipwa. Angalia kama walieleza kilichoharibika na kama walionyesha kwamba ni kipuri cha matengenezo, kuna alama ya RB inayotakiwa kwenye mstari ule. Rufaa ya kwanza ni siku 120 tangu upokee barua.

Mleta mada

Nimeitoa kwenye faili. Imeandikwa "nyaraka hazikutosha." Nimehesabu, zimebaki siku 38.

Mwandaaji wa madai, Columbus

Kesho asubuhi wapigie, uombe nakala ya dai lilivyotumwa, mistari yote. Funika jina lake na namba zake, kisha niandikie pembeni. Nitalisoma mstari kwa mstari.